Garrincha: Walipenda chenga zake, wakasahau goti lake

MARACANA ni uwanja wa kelele. Lakini Januari 1983, watu waliofurika uwanjani hapo jijini Rio de Janeiro hawakwenda kushangilia bao. Walikwenda kuaga mwili.

Jeneza lilifunikwa bendera ya Botafogo, ile yenye nyota moja nyeupe. Ndani yake alilala mwanaume wa miaka 49, aliyefariki Januari 20 baada ya pombe kulimaliza ini lake. Kutoka pale gari la zimamoto lilimbeba kumrudisha kwao Pau Grande, na watu kwa maelfu walijipanga barabarani kumwona akipita kwa mara ya mwisho.

Jina lake kamili ni Manuel Francisco dos Santos. Ukilitaja hilo, wengi watakutazama tu. Sema Garrincha, na hata wale ambao baba zao hawakuwahi kumwona akicheza watakuambia huyo ndiye mfalme wa chenga.

Ndiye aliyeibeba Brazil mpaka ikatwaa Kombe la Dunia mwaka 1962 wakati Pele akiwa majeruhi. Wabrazil walimpa jina la Furaha ya Watu, na halikuwa jina la kumpamba. Watu walikuwa wanalipa kiingilio ili wakacheke.

Lakini furaha ile ilikuwa na bei, na aliyeilipa ni yeye mwenyewe, kwa goti lake.

KINDEGE WA PAU GRANDE

Garrincha alizaliwa Oktoba 1933 huko Pau Grande, mji mdogo ulio chini ya milima katika wilaya ya Magé, nje ya Rio de Janeiro. Mji wote uliishi kwa kiwanda cha nguo cha América Fabril. Kiwanda ndicho kilichotoa ajira na nyumba, na hata timu ya mpira ilikuwa ya kiwanda. Ukizaliwa pale, ulijua mapema ukikua utafanya kazi wapi.

Alikuwa na umbo dogo, dada yake akampachika jina la garrincha, kindege mdogo wa kahawia anayepatikana maeneo yale. Jina likaganda. Lilimfaa pia, maana utoto wake aliumaliza porini akiwinda ndege, mtoni akivua samaki, na kwenye kiwanja cha mtaani akipiga mpira peku.

Miguu yake ilikuwa na kasoro tangu kuzaliwa. Wa kulia ulipinda kuingia ndani, wa kushoto ukapinda kutoka nje, kwa hiyo yote miwili ilielekea upande mmoja kama miti iliyosukumwa na upepo. Mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa sentimita 6 hivi. Ukimwona amesimama, ungedhani anataka kuanguka.

Kwa macho ya daktari yeyote, huyo alikuwa mtu wa kusaidiwa kutembea vizuri. Mpira wa kulipwa ulikuwa mbali naye kabisa.

Alipofika miaka 14 akaingia kiwandani kama wenzake. Kazi ilimshinda. Alikuwa mtoro, na alipokuwepo alitafuta sehemu yenye pamba akalala. Wakamfukuza. Lakini timu ya kiwanda ilikuwa inamtegemea winga ya kulia, basi akarudishwa kazini.

Tangu hapo Garrincha alikua akijua kwamba mpira ukiwepo mguuni, makosa mengine yote yanasameheka. Waliomzunguka nao walijua hivyo. Baadaye jambo hilo lilikuja kumponza.

Kingine alichokikuta nyumbani ni pombe. Baba yake, Amaro, alikuwa mnywaji mkubwa wa cachaça, pombe kali ya miwa ya Brazil. Mtoto naye akaionja mapema, na haikuwahi kumwacha.

TOBO LILILOMPA MKATABA

Ndoto ya vijana wengi wa Brazil ni kuchezea klabu kubwa. Garrincha wala hakuwa na haraka nayo. Inasimuliwa kwamba klabu moja ya Rio ilimrudisha kwa sababu alikuja kwenye majaribio bila viatu, na nyingine aliiacha majaribio yakiendelea, akiogopa kukosa treni ya mwisho ya kurudi Pau Grande.

Mwaka 1953 akashawishiwa kwenda Botafogo. Alikuwa na miaka 19, na tayari alikuwa na mke na mtoto.

Wakampanga acheze upande anaokaba Nilton Santos, beki wa kushoto wa timu ya taifa, mtu aliyepewa jina la Ensaiklopidia kwa jinsi alivyoujua mpira. Kijana wa kijijini hakujua au hakujali. Akamfuata, akamyumbisha, akampiga tobo.

Waliokuwepo wakashika vichwa. Nilton Santos angeweza kununa, lakini yeye alikwenda kwa viongozi akawataka wamsajili yule kijana upesi. Sababu yake ilikuwa rahisi: hakutaka kukutana naye tena akiwa amevaa jezi ya timu pinzani. Tangu siku ile wawili hao wakawa marafiki wa kufa na kuzikana.

Julai 19, 1953, Garrincha alicheza mechi yake ya kwanza ya mashindano akiwa na Botafogo dhidi ya Bonsucesso. Botafogo walishinda 6-3, na mgeni akafunga mabao matatu.

CHENGA MOJA, MABEKI WOTE

Ajabu ya Garrincha ni kwamba hakuwa na chenga nyingi. Alikuwa na moja.

Alipokea mpira pembeni kulia, akasimama. Beki naye akasimama. Garrincha akaulaza mwili kushoto kama anaingia katikati, beki akahama, na hapohapo winga akatokea kulia, nje, kuelekea mstari wa goli. Kisha krosi. Kila beki wa Rio alijua atatokea kulia, na makocha waliwahimiza wachezaji wao wiki nzima kwamba huyu anatokea kulia. Lakini wapi! Alitokea kulia, na bado walibaki wamekaa chini.

Siri ilikuwa kwenye miguu ileile iliyopinda. Beki humsoma mshambuliaji kwa kuangalia mwili wake unaegemea wapi. Mwili wa Garrincha ulidanganya hata akiwa ametulia, kwa sababu siku zote ulionekana umeegemea upande. Ongeza na kasi yake ya hatua tatu za mwanzo, ambayo wachache waliiweza, ukijumlisha unapata balaa.

Wakati mwingine hakuugusa kabisa mpira. Aliukimbia, beki akamfuata, mpira ukabaki pale pale. Akarudi, akafanya tena. Jukwaa zima likawa linacheka.

Inasimuliwa pia kwamba mabeki wote aliwaita João, jina la kawaida sana kule, kama mtu wa huku aamue kumwita kila anayemkaba Juma. Kwake ilikuwa haina maana kujua jina la mtu utakayempita.

Mwaka 1957 Botafogo walitwaa ubingwa wa Rio kwa kuwapiga Fluminense 6-2 kwenye mechi ya mwisho. Paulo Valentim alifunga mabao matano, Garrincha akafunga moja na kuwavuruga mabeki kutwa nzima.

Mwaka uliofuata, Botafogo wakiwa ziarani Mexico, walikutana na River Plate ya Argentina. Garrincha alimchezea beki Vairo kiasi kwamba mashabiki wa Mexico wakaanza kupiga kelele za olé, zile za kwenye mchezo wa mapigano na ng'ombe dume, kila alipompita. Wapo wengi wanaoamini kwamba kelele hizo ziliingia rasmi kwenye soka siku ile.

SWEDEN 1958: DAKIKA TATU ZA GOTHENBURG

Pamoja na yote hayo, nusura Kombe la Dunia la 1958 limpite akiwa benchi.

Kabla ya fainali, Brazil ilicheza mechi ya kirafiki na Fiorentina nchini Italia na kushinda 4-0. Garrincha aliwapita mabeki, akampita na kipa, goli likawa wazi. Badala ya kufunga, akasubiri beki mmoja arudi, akampiga chenga tena, ndipo akausindikiza mpira wavuni. Mashabiki walifurahi. Benchi la ufundi halikufurahi, maana mtu anayefanya utani huo kwenye mechi ya kirafiki anaweza kuufanya kwenye Kombe la Dunia.

Halafu kukawa na mtihani. Brazil ilikwenda na mwanasaikolojia, João Carvalhaes, aliyewapa wachezaji maswali. Garrincha alipata alama 38 kati ya 123. Mtaalamu akaona hafai kupewa mechi kubwa. Na Pele, kijana wa miaka 17, naye alionekana bado mtoto.

Brazil iliifunga Austria 3-0, ikatoka 0-0 na England. Mechi ya tatu ilikuwa dhidi ya Umoja wa Kisovyeti, timu iliyokuwa na kipa Lev Yashin na iliyosifiwa kwa kucheza mpira wa kisayansi. Kocha Vicente Feola akaweka majibu ya mtihani pembeni. Juni 15, 1958, jijini Gothenburg, Garrincha na Pele wakaanza pamoja.

Dakika ya kwanza haijaisha, Garrincha alishawapita watu na kugonga mwamba wa pembeni. Muda mfupi baadaye Pele naye akagonga mwamba. Dakika ya tatu Vavá akafunga. Wapo waandishi wa wakati ule waliozitaja kuwa dakika tatu bora kabisa walizowahi kuziona kwenye mpira. Mechi iliisha 2-0.

Fainali ilichezwa Juni 29 huko Solna dhidi ya wenyeji Sweden. Wenyeji walitangulia kwa bao la Liedholm dakika ya 4. Hapo ndipo Garrincha akaingia kazini. Alitokea kulia, akampasia Vavá, 1-1. Akatokea tena kulia kwa chenga ileile, akampasia Vavá yuleyule, 2-1. Mechi ikaisha 5-2, na Brazil ikawa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza.

Katika safari hiyo kuna kisa kinachopendwa sana Brazil. Eti Garrincha alinunua redio Sweden, na mtu mmoja wa msafara akamwambia haitamfaa kitu kwa sababu inaongea Kiswidi tupu. Garrincha akaona kweli, akamuuzia kwa bei ya hasara. Kisa hicho huwachekesha watu. Lakini kinaonyesha pia jinsi ilivyokuwa rahisi kumtoa Garrincha kitu chake mkononi.

CHILE 1962: KOMBE LA MTU MMOJA

Miaka minne baadaye Brazil ilikwenda Chile kutetea ubingwa. Iliifunga Mexico 2-0. Mechi ya pili na Czechoslovakia iliisha 0-0, na Pele akachanika msuli wa paja. Mashindano yake yakaishia hapo.

Nafasi ya Pele alipewa Amarildo, mwenzake Garrincha wa Botafogo, aliyefunga yote mawili Brazil ilipoifunga Hispania 2-1. Lakini aliyeibeba timu mgongoni ni yule winga mwenye miguu iliyopinda. Na safari hii hakuridhika na krosi. Alianza kufunga kwa namna ambazo hakuna aliyejua anaziweza.

Juni 10, robo fainali dhidi ya England. Kwanza akafunga kwa kichwa kutokana na kona, yeye ambaye hakuwa mrefu. England wakasawazisha. Kisha akapiga mpira wa adhabu, kipa Springett akautema, Vavá akamalizia. Halafu akapiga shuti la mbali lililopinda hewani na kujaa wavuni. 3-1, England kwaheri.

Ni mechi hiyohiyo ambayo mbwa aliingia uwanjani. Garrincha alijaribu kumkamata, mbwa akampiga chenga. Aliyemkamata ni mshambuliaji wa England, Jimmy Greaves, na shukrani aliyoipata ni kukojolewa kwenye jezi. Mbwa yule baadaye akaenda kuishi na Garrincha.

Nusu fainali ilikuwa dhidi ya wenyeji, Chile, mbele ya watazamaji zaidi ya 70,000 jijini Santiago. Garrincha alifunga la kwanza kwa mguu wa kushoto, la pili kwa kichwa. Vavá akaongeza mawili, Brazil ikashinda 4-2.

Lakini mabeki wa Chile walikuwa wamempiga viatu mchezo mzima. Dakika ya 83 uvumilivu ukamwishia, akamrudishia Eladio Rojas teke. Kadi nyekundu zilikuwa bado hazijaanza kutumika, mwamuzi alimwonyesha tu njia ya kutoka. Akiwa anatoka, kitu kikarushwa kutoka jukwaani kikampasua kichwa.

Brazil nzima ikashikwa na homa. Fainali bila Pele na bila Garrincha? Viongozi wa soka wakahangaika, na serikali ya Brazil nayo ikaingilia kati kumwombea. Mshika kibendera raia wa Uruguay, ambaye alikuwa shahidi muhimu wa tukio, alikuwa ameshaondoka Chile bila kutoa ushahidi. Garrincha akaonywa tu, akaruhusiwa kucheza.

Juni 17 aliingia uwanjani akiwa na homa ya kweli. Hakufunga, lakini Czechoslovakia waliweka watu wa kumchunga, na wenzake wakapata nafasi. Brazil 3, Czechoslovakia 1. Kabla yao ni Italia pekee iliyowahi kutwaa kombe hilo mara mbili mfululizo, na baada yao hakuna aliyeweza tena.

Garrincha alimaliza akiwa mmoja wa wafungaji bora sita waliofungana kwa mabao manne, na akatambuliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Desemba mwaka huohuo akaifungia Botafogo mabao mawili kwenye ushindi wa 3-0 dhidi ya Flamengo uliowapa ubingwa wa Rio. Alikuwa na miaka 29. Dunia yote ilikuwa yake.

Hakuna aliyejua kwamba hapo ndipo kileleni, na kwamba njia ya kuteremka ilikuwa imeshaanza.

SINDANO, KISHA MECHI NYINGINE

Chenga ya Garrincha ilihitaji kitu kimoja: kusimama ghafla, kugeuka na kuondoka kwa mguu mmoja. Fanya hivyo mara kadhaa kila mechi, kwa miaka 10, juu ya goti ambalo mfupa wake haukukaa sawasawa tangu kuzaliwa. Gegedu ikaanza kusagika. Goti likawa linavimba baada ya kila mchezo.

Dawa yake ilikuwa kupumzika na kufanyiwa upasuaji. Lakini Botafogo walikuwa na ziara. Enzi zile klabu za Brazil zilipata fedha nyingi kwa kuzunguka Ulaya na Amerika Kusini kucheza mechi za kirafiki, na waandaaji waliolipa walitaka kumwona Garrincha. Basi goti likatolewa maji, likachomwa sindano, winga akaingia uwanjani. Wiki iliyofuata hivyohivyo.

Yeye mwenyewe aliogopa kisu, naye hakuwa mtu wa kubishana. Upasuaji ulifanyika 1964, ukiwa umechelewa. Garrincha aliyerudi hakuwa yule tena. Akili ilikumbuka chenga, goti likakataa.

Na fedha je? Inaelezwa kwamba kwa miaka mingi alisaini mikataba ikiwa mitupu, viongozi wakajaza namba baadaye. Matokeo yake bingwa wa dunia mara mbili alilipwa pungufu ya wachezaji waliokaa naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Hata alichopata hakujua kukitunza. Inasimuliwa kwamba noti ziliokotwa nyumbani kwake nyuma ya makabati, nyingine zimeoza kwa unyevu.

Alicheza Botafogo zaidi ya mechi 580 na kufunga mabao zaidi ya 230. Mwaka 1966 klabu ikamuuza Corinthians ya São Paulo.

MECHI MOJA ALIYOPOTEZA

Pamoja na goti lile, bado aliitwa timu ya taifa kwenda Kombe la Dunia la 1966 England. Jina lake lilikuwa zito mno kuachwa.

Julai 12, uwanja wa Goodison Park, Brazil iliifunga Bulgaria 2-0. Pele alifunga kwa mpira wa adhabu, Garrincha naye akafunga kwa mpira wa adhabu. Ilikuwa mara ya mwisho wawili hao kucheza pamoja. Kila walipoanza wote wawili, Brazil haikuwahi kufungwa.

Siku tatu baadaye, uwanja uleule, Pele akiwa nje, Hungary iliipiga Brazil 3-1. Ilikuwa mechi ya 50 na ya mwisho ya Garrincha katika timu ya taifa. Ni hiyo moja tu aliyopoteza katika zote 50.

Baada ya hapo alihangaika kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha njiani. Alijaribu Colombia, akapita Flamengo, mwisho akacheza Olaria, klabu ndogo ya Rio, mwaka 1972. Watu walikwenda kumtazama kwa kumbukumbu. Goti lilikuwa halina tena cha kuwapa.

ELZA NA BARABARA YA GIZA

Garrincha hakuwa malaika, na kusimulia maisha yake bila kusema hivyo ni kumdanganya msomaji. Pau Grande alimwacha mkewe Nair na mabinti wanane. Alikuwa na watoto wengine nje, akiwemo mmoja aliyezaliwa Sweden baada ya ziara ya Botafogo ya 1959. Matunzo ya familia yalimfikisha mbele ya sheria zaidi ya mara moja.

Mwanamke aliyemwendea ni Elza Soares, mwimbaji wa samba aliyetoka kwenye umaskini mkubwa kuliko hata wake. Brazil wakati huo haikuwa na sheria ya talaka, ilikuja 1977. Kwa hiyo machoni mwa wengi Elza alikuwa mwizi wa mume wa mtu. Alizomewa na kutukanwa, nyumba yao ikashambuliwa. Mashabiki waliokuwa wakimsamehe Garrincha kila kitu, lawama zote walimtupia mwanamke.

Ukweli ni kwamba Elza ndiye aliyelipa bili. Garrincha aliposhindwa kucheza, yeye aliimba. Alipokunywa, yeye ndiye aliyehangaika kuficha chupa.

Aprili 1969 gari alilokuwa akiendesha Garrincha liligonga lori. Mama mzazi wa Elza akafariki. Garrincha alipona mwili, lakini ndani alivunjika, na cachaça ikawa ndiyo mwenzake wa kila siku. Wawili hao wakahamia Italia kwa muda, wakarudi. Mwaka 1976 wakapata mtoto wa kiume. Mwaka uliofuata, baada ya Garrincha kumpiga, Elza akaondoka. Mtoto yule naye alikuja kufa kwenye ajali ya gari mwaka 1986, akiwa bado mdogo.

WATU 131,000, KISHA KIMYA

Desemba 19, 1973, marafiki walimwandalia mechi ya kumuaga pale Maracana, Brazil dhidi ya wachezaji wa kigeni. Watu 131,000 waliingia. Pele alikuwepo na akafunga, Brazil ikashinda 2-1. Garrincha, miaka 40 na mwili umeshanenepa, hakumaliza mchezo, lakini kila alipogusa mpira uwanja mzima ulisimama. Fedha za mlangoni zilikusudiwa kumsaidia yeye na mabinti zake.

Kwa siku ile moja deni lililipwa. Kisha watu wakarudi makwao, naye akarudi kwenye chupa.

Mwaka 1980, kwenye sherehe za Carnival, kundi maarufu la samba la Mangueira lilimpandisha juu ya gari la maonyesho lipite naye mbele ya umati. Waliomwona hawakusahau. Mtu aliyewahi kuwachekesha Wabrazil wote alikaa amezubaa, macho mazito, kama hajui yuko wapi. Alilazwa na kutolewa hospitali mara nyingi, mpaka Januari 20, 1983 mwili ulipokataa.

Nilton Santos, yule aliyepigwa tobo miaka 30 nyuma, ndiye aliyesimama kidete ili rafiki yake azikwe kwao. Baadaye akazikwa Raiz da Serra, karibu na kwao.

Leo mjini Brasília upo uwanja wa taifa wenye jina lake, Mané Garrincha. Ulijengwa upya kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2014, na ni miongoni mwa viwanja vilivyokula fedha nyingi kupita vyote duniani. Miaka mitatu tu baada ya kombe hilo, mwaka 2017, taarifa zikatoka Magé kwamba makaburini hakuna aliyekuwa na uhakika mabaki ya Garrincha yako wapi. Jina lilijengewa uwanja wa mamilioni, mifupa ikapotea.

Elza Soares aliendelea kuimba mpaka uzeeni. Alifariki akiwa na miaka 91, Januari 20, 2022. Ilikuwa tarehe ileile aliyokufa Garrincha, miaka 39 kamili baadaye.

Kila msimu anatokea winga mpya mwenye chenga, na jukwaa linainuka. Baada ya filimbi ya mwisho anakaa kwenye benchi, soksi zimeshushwa, barafu juu ya goti, na daktari amesimama pembeni na sindano. Mechi nyingine ni Jumapili. Garrincha alikaa kwenye benchi hilo miaka mingi, na katika wote waliompenda, hakutokea mapema hata mmoja wa kumwambia apumzike.